Ng'ombe Wengi Mno

Bahasha iliteremshwa na basi la kutoka Malindi asubuhi, na mimi nilikuwa stendi ya Garsen tangu kabla wauza viazi hawajawasha moto. Kondakta alinitupia, nikaidaka kwa kifua. Nzito! Nilitaka kuifungua pale pale katikati ya mbuzi na mikungu ya ndizi, lakini nikajizuia, kwa kuwa wanafunzi wangu wawili walikuwa wananitazama na mwalimu hatakiwi kurarua karatasi kwa meno hadharani. Nikavuka barabara, nikajificha nyuma ya kibanda cha kutengeneza simu, nikairarua kwa meno.

Ndani mlikuwa na mswada wa kitabu kizima cha insha. Si insha za wanafunzi, hizo ninazo marundo. Hizi zilikuwa za waandishi wa leo, watu wazima, kutoka kila pembe ya nchi na wengine kutoka nje ya nchi, na majina yao yote yalikuwa yamefichwa. Mhariri alikuwa ameandika maelezo mafupi juu. Kazi yetu ilikuwa kusoma na kupima: ipi iingie kitabuni, ipi ikae nje. Tulikuwa wasomaji wawili. Kitabu kilikuwa kimenenepa na karatasi ni ghali, kwa hiyo sharti lake lilikuwa moja tu. Insha itakayokosa idhini ya mmoja wetu, itaachwa.

Msomaji wa pili alikuwa Mwalimu. Sisemi mwalimu fulani. Mimi mwenyewe nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Garsen, lakini nikisema Mwalimu namaanisha yule aliyenifundisha mimi. Ni mzaliwa wa Kipini, amestaafu, anakaa Tarasaa ambako mkewe ana duka. Mhariri alitupata sote wawili kwenye warsha moja Mombasa, tulipobishana mbele ya watu mpaka chakula cha mchana kikapoa. Nadhani alijiambia kwamba wawili hawa wakikubaliana juu ya kitu, basi kitu hicho ni kizuri kweli.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwetu Hewani na bahasha kwenye mkoba. Mpunga wa mama ulikuwa umeanza kuiva na kwelea walikuwa wamefika kwa makundi, kwa hiyo nilipewa zamu ya kuwinga ndege. Nilipanda kwenye dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, nikaweka bati la kugonga upande mmoja na mswada upande wa pili. Insha ya kwanza ilihusu lifti iliyoharibika katika jumba la ghorofa nyingi Nairobi, na jinsi majirani ambao hawakuwahi kusalimiana walivyoanza kujuana kwenye ngazi kwa kuhema pamoja. Nilicheka peke yangu juu ya dungu. Ya pili ilikuwa ya mwanamke aliyejifunza kuogelea akiwa bibi, mjini ambako wajukuu wake walimwonea haya. Ya tatu ilikuwa ya kinyozi. Jamani, ile ya kinyozi! Mtu anaandika kuhusu kichwa cha babake alichokinyoa kila Ijumaa, na kurasa zote hizo hatoki nje ya kile kichwa, kovu hadi kovu, na unapomaliza umejua maisha ya mzee mzima.

Nilikuwa sijui kama inaruhusiwa. Hilo ndilo lililonipandisha mzuka. Tangu nikiwa darasani nimeambiwa, na mimi nikawaambia wengine, kwamba insha ina utangulizi, ina hoja zake, ina hitimisho, na ukiweza kutia methali mbili tatu hapo katikati mtahini atakufurahia. Na hapa palikuwa na watu wazima wanaandika wapendavyo, wanaanza katikati, wanaacha jambo na kulirudia, wanasema "sijui" bila aibu. Nikawa nasoma kwa sauti. Nikawa nasimama na kuketi.

Si zote zilikuwa tamu, tusidanganyane. Kadhaa zilikuwa hotuba za siku ya kufunga shule zilizobadilishiwa jina. Moja ilihusu maadili ya vijana na ilinifanya nitamani kuwa kijana nisiye na maadili. Nyingine ilikuwa na maneno mazito kiasi kwamba nilihisi mwandishi alikuwa amekaa na kamusi mapajani, akichomoa neno moja moja kama anayetoa miba ya samaki. Lakini hata hizo nilizisoma kwa raha, kwa maana kumpata mtu wa kumkasirikia ndani ya kitabu nako ni starehe.

"We!" nilisikia sauti ya mama kutoka chini. "Umepandishwa huko kuwafukuza au kuwasomea?"

Nikainua macho. Kwelea walikuwa wametanda kwenye mpunga wakila kwa adabu kabisa, na bati langu lilikuwa limelala. Mama aliwafukuza mwenyewe kwa matope na matusi, nusu ya matope yakanipata mimi.

"Hizo karatasi ndizo tutakazopika?" akauliza.

Nilimwomba radhi, nikagonga bati kwa bidii kwa muda wa kutosha, kisha nikafungua insha iliyofuata. Na hiyo ndiyo iliyoniletea balaa lote.

Ilianza na mvua. "Mvua imenyesha, alisema mjomba." Ndivyo ilivyoanza, bila kubisha hodi. Mwandishi yuko mbali, katika mji wa baridi ng'ambo, anapakia makasha kwenye ghala. Simu inalia. Ni mjomba wake kutoka huku kwetu, kwenye mbuga za Tana. Amepanda juu ya kichuguu ili apate mtandao, na salio lake ni dogo. Mjomba anaanza na mvua, imenyesha wapi na wapi. Halafu majani, yameota kiasi gani. Halafu mathenge, ile miti ya miba iliyoingia nchini mwetu kama wageni wasiojua kuaga, kwamba yameanza kuziba njia ya ng'ombe ya kwendea mtoni. Halafu mto, umejaa lakini haujatoka. Halafu ng'ombe, mmoja mmoja: mwekundu amezaa ndama jike, mwenye pembe iliyopinda amepona mguu, yule mweupe mkorofi bado ni mkorofi. Kila mjomba anapotaja kitu, kijana yule ghalani anakiona. Harufu ya majani mabichi inampata katikati ya makasha. Anacheka kwa ajili ya ng'ombe mkorofi, wenzake wanamgeukia. Anasahau baridi. Halafu watoto, wazima wote. Halafu mjomba anasema, "Mamako tulimzika Ijumaa," na salio linakwisha.

Na insha inaishia hapo hapo. Hakuna neno lingine.

Nilikaa juu ya dungu na mkono mdomoni. Mimi ni Mpokomo, watu wangu ni wakulima wa kando ya mto, lakini nimekua na Waorma. Kila kiangazi ng'ombe wao walishuka mtoni kupitia kwetu, na mama mmoja wa Kiorma alizoea kuja kwa bibi yangu na maziwa, kuchukua mahindi. Nilipokuwa mdogo nilishangazwa na salamu zao. Wataulizana mvua, watajibu amani. Majani, amani. Ng'ombe, amani. Nyumba, amani. Hata kama ana msiba kifuani, atajibu amani mpaka afike mwisho, na mwisho ndipo atakapousema, kwa maneno machache, bila kupiga kelele. Bibi aliwahi kunieleza kwamba Muorma hakutupii msiba ukiwa umesimama. Kwanza anakukalisha juu ya vile vilivyo hai. Na tena anayepokea habari hakatizi. Kazi yake ni kuitikia tu, "haa," kila mwenye habari anapopumua.

Sasa mtu alikuwa ameandika jambo hilo, kwa Kiswahili, hicho hicho chetu chepesi tunachokutana nacho sokoni Wapokomo na Waorma na Wasomali na Wagiriama. Nimesoma vitabu maisha yangu yote na sijawahi kuikuta njia ya ng'ombe ya Tana ndani ya kitabu. Nilitaka insha ile iingie kitabuni kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule, na niliposwa mwaka ule ule.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja Garsen, tukakutana kwenye hoteli ya nyuma ya stendi, yenye feni inayozunguka na chai isiyo na uchoyo wa maziwa. Alivaa kofia yake ya kutarizi na alikuwa na nakala yake ya mswada kwapani. Aliufungua mezani, na mimi nikaona wekundu.

Alikuwa amesahihisha! Kitabu kizima, kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ametia alama ya vema pembeni kwa kila hoja. Alikuwa amezungushia duara tamathali za usemi. Chini ya kila insha palikuwa na alama juu ya ishirini, na daraja. Mwalimu alikuwa mtahini wa mitihani ya kitaifa miaka mingi, na mwongozo wa kusahihishia umeingia kwenye damu yake kama malaria. Kinyozi wangu mpendwa alikuwa amepata daraja C, na maoni: "Hoja ni moja tu, nayo ni kichwa." Bibi aliyejifunza kuogelea alikuwa B ya chini: "Jitahidi kutumia methali." Ile hotuba ya maadili ya vijana ilikuwa na A.

"Mwalimu," nikasema, "hawa ni waandishi. Wengine huenda ni maprofesa."

"Profesa naye akikosa hitimisho amekosa hitimisho," akajibu, akakoroga chai.

Tulipigana. Nakiri kwamba sijawahi kufurahia ugomvi kiasi kile. Nilimsomea kinyozi kwa sauti mpaka akaguna, na mguno wa Mwalimu ni sawa na makofi ya mtu mwingine. Akampa ruhusa. Aliitetea insha ya lifti kabla sijafungua mdomo, kwa sababu ilikuwa na hoja saba zilizohesabika, nami sikujali sababu mradi lifti imepita. Bibi wa kuogelea akapita. Mwenye kamusi mapajani tulimtupa kwa sauti moja, tukapeana mikono. Ile ya maadili nilikataa kata kata, akanitazama kwa huzuni kama daktari anayemtazama mgonjwa anayekataa dawa, akaiachilia. Nilikuwa najua sana kwa nini nampenda mtu huyu. Hakuna mwingine Garsen nzima ambaye angetoka Tarasaa kwenye jua lile kuja kugombana nami juu ya sentensi.

Kisha tukafika kwa ng'ombe.

Alikuwa ameipa tano. Daraja D. Na pembeni, kwa mwandiko wake mzuri wa mshazari, maoni yalikuwa yamepangwa: "Haina utangulizi. Mada imechelewa mno kutokea. Haina hitimisho." Na chini kabisa, amepigia mstari: "Ng'ombe wengi mno."

"Hini haina kitwa wala maguu, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao. Ni cha Kipini, na huwa kinamtoka anapokuwa na hakika ya jambo.

"Ina kichwa, Mwalimu. Kichwa chake kiko chini."

"Basi ni popo."

Nilicheka bila kutaka, na hilo likaniudhi zaidi. Nikamweleza salamu za Waorma, mvua kwanza, msiba mwisho. Nikamweleza kukalishwa juu ya vilivyo hai. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akaweka kikombe chini.

"Nayuwa," akasema. "Nimeishi nao umri wangu wote, wewe hujazaliwa. Mila ni mila, na insha ni insha. Msomaji wa Kakamega hayuwi mila hini. Atasoma mvua, atasoma majani, atasoma ng'ombe, atafunga kitabu akalale. Mtu hufiwa na mamake katika mstari wa mwisho? Sikubali."

Na kama hakubali, insha imekufa. Mhariri alikuwa amelisema waziwazi. Mahali fulani ng'ambo kulikuwa na mtu aliyeandika jambo hilo na kulituma, naye angepata jibu la mistari miwili la kumshukuru kwa kujitahidi. Tulikuwa tumekula ng'ombe mzima, sasa tunashindwa na mkia.

"Isome kwa sauti," nikamwambia. "Hujaisoma kwa sauti."

"Ndiyo nitaisoma, na masikio yako yenyewe yatakuhukumu." Akavaa miwani.

Lazima niseme kuhusu sauti ya Mwalimu. Akisoma hata tangazo la kukatika kwa umeme, utatamani umeme ukatike. Alipoanza, "Mvua imenyesha, alisema mjomba," wanaume wa meza ya jirani walipunguza kelele.

Mwenye hoteli alikuwa ameketi meza ya nyuma yetu, ametupa mgongo, anachagua mchele kwenye sinia. Ni mama wa Kiorma, mwenye hoteli na ng'ombe na maneno, hana wakati na vitabu na amenitangazia hivyo zaidi ya mara moja. Mwalimu alipofika mwisho wa mvua, akapumua. Kutoka nyuma yetu ikatoka sauti, fupi, ya chini:

"Haa."

Mwalimu aliinua jicho juu ya miwani. Akaendelea. Majani yameota. "Haa." Mathenge yameziba njia. "Haa." Mto umejaa lakini haujatoka. "Haa." Yule mama hakuwa amegeuka. Mikono yake ilikuwa bado inaokota mawe kwenye mchele. Alikuwa hasikilizi insha, alikuwa anapokea habari, kama alivyozoea kupokea maishani mwake mwote, kwa mdomo wenyewe, bila kufikiri. Niliuma mdomo nisiseme neno, na wanaonijua wanajua kazi ilivyokuwa.

Sauti ya Mwalimu ikaanza kubadilika. Mwanzoni alikuwa akisoma kama wakili wa upande wa mashtaka, akibonyeza kila ng'ombe ili niione hatia yake. Lakini mtu akiitikiwa hawezi kusoma hivyo. Akaanza kupumua pale mwitikio ulipohitajika. Akamtaja mwekundu na ndama wake. "Haa." Akamtaja mwenye pembe iliyopinda. "Haa." Alipofika kwa mweupe mkorofi, yule mama akacheka kidogo puani, na Mwalimu, naapa, akatabasamu. Watoto, wazima wote. "Haa."

"Mamako tulimzika Ijumaa," akasoma Mwalimu.

Hapakuwa na "haa."

Sinia likawekwa chini. Mama yule akageuka, akavuta mtandio wake kichwani, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," kisha akainuka akaja mezani kwetu akamshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Mwalimu. Pole sana. Mungu arehemu mama."

Mwalimu alifungua mdomo. Nilidhani atasema kwamba mamake alikufa zamani sana na kaburi lake liko Kipini, na kwamba haya ni maandishi tu. Badala yake nilimsikia akisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Tushapoa, Mama."

Ndipo hoteli ikatuangukia. Wasichana wa jikoni walikuwa wamesikia pole wakatoka na unga mikononi, mmoja mmoja, "Pole Mwalimu." Wanaume wa meza ya jirani wakasimama. Mmoja alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, macho yakamjaa. Muuza miraa akaingia kutoka nje akauliza mazishi ni lini, akaambiwa yamekwisha, Ijumaa, akasikitika kwa kukosa. Mama wa hoteli akaagiza maziwa yaletwe, bila chai, ya kibuyu, yenye harufu ya moshi, yakawekwa mbele ya Mwalimu. Na kila Mwalimu alipojaribu kuinua kidole aeleze, mkono mwingine ulikishika kidole hicho na kumpa pole. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa mezani. Walidhani nalia. Nilikuwa nacheka na kulia, vyote pamoja, na sijui kipi kilikuwa kingi.

Mwishowe watu walitulia, naye akapata nafasi. Akaeleza kwa heshima. Si mamake. Ni habari iliyoandikwa na kijana mmoja aliye mbali, naye alikuwa akiisoma tu ili apime kama inafaa.

Nilitarajia mama yule aone haya au akasirike. Wala.

"Lakini hiyo kijana, mama yake alikufa?" akauliza.

"Naam."

"Na nyinyi mnajua ye iko wapi?"

"Jina limefichwa, Mama. Lakini kuna mtu wa vitabu Nairobi amtambuaye. Tukiandika, yeye humfikishia."

"Basi mimi natuma pole. Andika. Mwambie pole kutoka Garsen, Mungu arehemu mama yake, na sisi tumesikia." Akarudi kwenye mchele wake kama mtu aliyemaliza shughuli.

Mwalimu alibaki ameshika kalamu nyekundu. Aliitazama ile D. Akaitazama kwa muda, akanywa maziwa, akaitazama tena. Nilikuwa na maneno mia ya kusema na nikayameza yote, moja baada ya lingine, kama vidonge.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "mtu utamtumiaje pole na D katika bahasha moja?"

"Haiwezekani, Mwalimu."

"Haiwezekani," akakubali, kwa uchungu kidogo, maana alikuwa bado hajaziona hoja. "Na huyu mama hakulala. Nilisema msomaji atalala."

"Hakulala."

Akaazima kalamu yangu ya buluu. Katika fomu ya mhariri akaandika kwamba wasomaji wote wawili wanaiidhinisha, ibaki kama ilivyo, isiongezwe utangulizi wala hitimisho. Halafu akaandika pole ya mama wa hoteli, neno kwa neno alivyoisema. Mimi nilitaka kuirekebisha kidogo iwe rasmi. Akanizuia mkono.

Tuliipeleka bahasha stendi pamoja. Niliruka-ruka barabarani kama mtoto, mbele ya wanafunzi wangu, na siku ile sikujali.

Mhariri alinipigia simu wiki kadhaa baadaye, nikiwa kwenye varanda ya shule na chaki mkononi. Kitabu kilikuwa kimekamilika, na insha ya ng'ombe ilikuwa ndani. Nilipiga yowe, darasa zima likaja dirishani. Halafu sauti ya mhariri ikapungua. Alikuwa amemtumia mwandishi yale maoni yetu pamoja na pole. Siku mbili tatu baadaye kijana alipiga simu yeye mwenyewe. Alisema kwamba siku ile baada ya simu ya mjomba kukatika, aliendelea kupakia makasha mpaka zamu ikaisha. Hakumwambia mtu. Kule hakuna aliyekuwa anajua kwamba alikuwa na mama. Akaandika, basi. Waliosoma kabla yetu walimwambia imeandikwa vizuri, au ng'ombe wapunguzwe. Hii ya Garsen ilikuwa pole ya kwanza kupewa.

Nilimpigia Mwalimu hapo hapo, kelele zote zikiwa zimenitoka. Alisema tu kwamba anakuja. Alasiri alikuwa ameshafika hotelini nilikomngoja, kofia yake ya kutarizi kichwani, na hakutaka kukaa na mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya nyuma, akaketi mbele ya mama wa hoteli. Nilijua alichobeba, na nilidhani atakitoa mara moja, kwa jinsi anavyochukia mada kuchelewa.

"Mvua imenyesha Tarasaa," akasema Mwalimu.

Mama alimtazama. Akaacha alichokuwa akifanya.

"Haa."

"Mpunga umesimama vizuri."

"Haa."

"Barabara ina matope, lakini magari yanapita. Nyumbani hawajambo. Dukani hawajambo."

"Haa."

Akavua miwani, akaishika.

"Yule kijana, pole zako zimemfika. Anasema tangu simu ya mjomba wake ikatike, hapakuwa na mtu aliyempa pole hata mmoja. Ya kwanza ni yako. Anasema ameshapoa, na anakushukuru."

Yule mama hakuitikia. Alivuta mtandio wake mbele mpaka ukafunika macho.

"Basi," akasema, "sasa mama yake amezikwa."